Dar hadi Mwanza: kilomita 850 au 1,150? Na kwa nini jirani ndiye aliyepiga hesabu vizuri

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mbagala. Nimelifupisha kidogo:

"Habari za kazi kaka. Mdogo wangu anaolewa Mwanza Jumamosi, ibada ni saa nane mchana. Tunaosafiri ni mimi, mume wangu, watoto wawili na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Nimetafuta mtandaoni umbali wa Dar hadi Mwanza nimechanganyikiwa. Ukurasa mmoja unasema km 850 na ndege saa 1 na dakika 10. Mwingine unasema km 1,150 na gari saa 14. Jirani yangu anayepanda basi kila mwaka anasema ni saa 20 na zaidi. Nani mwongo? Tuna gari dogo, IST, na dereva ni mume wangu peke yake. Tuondoke lini na kwa usafiri gani? Mama naye anauliza kama wakati wa kurudi anaweza kubeba samaki."

Hakuna mwongo hapo, dada. Wote watatu wamesema kweli, ila kila mmoja amepima kitu chake. Aliye karibu zaidi na safari yako wewe ni jirani, na nitakuonyesha kwa nini.

Tuanze na hiyo 850. Hiyo ni sawa na kuvuta uzi juu ya tufe la dunia, ncha moja uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na nyingine uwanja wa Mwanza. Uzi ukikazwa unapata kama kilomita 850, na njia yake haina habari na barabara yoyote. Unatoka Dar, unakatiza nyika ya kusini mwa Handeni na Kiteto, unapita jirani na Kondoa, unauacha Mlima Hanang upande wa kushoto, unagusa ncha ya kusini ya Ziwa Eyasi, kisha unashukia usukumani hadi Mwanza. Mama akipata dirisha la kushoto na anga ikiwa safi, amwangalie Hanang. Ni mlima wa zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake kama mtu aliyesahauliwa stendi.

Barabara ina akili nyingine. Kwanza inaelekea magharibi hadi Dodoma, inaendelea hadi Manyoni, inakata kaskazini kwenda Singida, inarudi tena magharibi hadi Nzega, halafu ndipo inaamua kupanda Shinyanga na Mwanza. Reli ya Kati ya Wajerumani ilipita Morogoro, Dodoma na Manyoni, miji ikakua kandokando yake, na lami ilipokuja ikaunganisha miji iliyokuta. Ukizihesabu kwa vipande: Dar hadi Morogoro karibu 195, Morogoro hadi Dodoma kama 260, Dodoma hadi Singida 240, Singida hadi Nzega 210, Nzega hadi Shinyanga 80, na Shinyanga hadi Mwanza 165. Jumla inacheza kwenye 1,150. Usishangae gari lako likisoma 1,170, kwa sababu wenye kurasa hizo huanzia katikati ya mji na wewe unaanzia Mbagala.

Kwa hiyo kona za barabara zinakugharimu kilomita 300 juu ya mstari wa ndege. Kwa nchi yetu hilo ni jambo la kawaida kabisa. Ila kilomita si saa, na hili nililijua kwa mwili wangu kabla sijalijua kwa kalamu.

Vijana wa leo hukataa nikiwaambia kwamba zamani basi la Dar kwenda Mwanza lilipita Nairobi. Si utani. Kabla lami ya Dodoma, Manyoni na Singida haijakamilika, mabasi mengi ya Mwanza yalitoka Dar yakaenda Arusha, yakavuka Namanga, yakapita Nairobi, yakarudi nchini kwa Sirari, kisha Musoma, ndiyo Mwanza. Ni zaidi ya kilomita 1,500, mipaka unavuka mara mbili, na abiria wote wanashuka na hati za kusafiria mkononi. Mtu anatoka Tanzania kwenda Tanzania lakini anagongewa mhuri wa Kenya. Mwaka 1998, mvua za El Nino zikiwa zimeharibu kila kitu, nilikuwa karani wa tiketi, nikapelekwa Mwanza kufuatilia mizigo. Bosi aliniuliza: "Unataka njia fupi au unataka kufika?" Njia fupi ilikuwa ya Singida, yenye tope, na Mlima Sekenke ambao malori yalikuwa yakilala hapo siku nzima. Nikachagua Nairobi. Nilifika siku ya tatu asubuhi, na walioondoka siku ileile kwa njia ya kati tuliwapokea sisi.

Tangu hapo mtu akiniambia kilomita, mimi huuliza: za barabara gani, na wakati gani wa mwaka?

Leo barabara ya kati ni lami tupu, na Sekenke unauteremka baada ya Misigiri bila hata kuacha kutafuna karanga. Kwa nini basi bado si saa 14? Hebu chukua kalamu. Basi linaruhusiwa mwisho kilomita 80 kwa saa. Gawa 1,150 kwa 80 unapata saa 14 na dakika kama 20. Huo ndio muda ulioandikwa kwenye ule ukurasa wa pili, na ungekuwa kweli kama barabara ingekuwa tupu na hakuna mtu anayeishi kandokando yake. Lakini watu wanaishi. Kibaha, Mlandizi, Chalinze, Mikese, Dakawa, Dumila, Gairo, Kibaigwa, Chamwino, Bahi, Manyoni, Ikungi, Shelui, Igunga, Tinde, Maganzo, Hungumalwa, Misungwi, na kila kijiji cha katikati chenye shule, matuta na kibao cha 50. Tuseme kilomita 300 tu za safari yote ziko ndani ya vibao vya 50. Hizo ni saa 6. Zilizobaki 850 kwa mwendo wa 80 ni saa 10 na nusu na ushee. Tayari uko saa 16 na nusu, na hakuna aliyekula wala kuchimba dawa.

Nasema 300 kwa makadirio. Siku nyingine fanya mchezo huu ukiwa kwenye basi: hesabu vibao kati ya Dumila na Gairo tu, utachoka.

Vibao hivyo pia si pambo. Ukitoka tu kwenye kona, kuna trafiki kakaa chini ya mwembe na tochi yake ya kupimia mwendo. Faini moja ni shilingi elfu thelathini, lakini kinachouma zaidi kwa mwenye safari ni zile dakika kumi au kumi na tano za kusimamishwa, leseni, maelezo na kuandikiwa. Tochi nne njiani ni saa nzima. Mabasi nayo yana kifaa cha kufuatilia mwendo, VTS, kinachotoa taarifa hadi LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, dereva akipitiliza. Kinaanza kulia ndani ya basi na abiria wenyewe wanaanza kumsema dereva, au wanamshangilia, inategemea basi limejaa watu gani.

Mizani nayo ipo. Vigwaza, Mikese, Nala, hadi Usagara ukiwa umeshaanza kuiona Mwanza. Gari lako dogo halipiti kwenye mizani, lakini foleni ya malori ya kwenda kupimwa hukupata.

Sasa nikwambie siri ya safari hii ambayo hakuna ukurasa wa mtandaoni unaoiandika: inaamuliwa kwenye kilomita 110 za mwanzo. Ukitoka Dar saa 10 alfajiri, Chalinze unaweza kufika saa 12 kasoro, jua linachomoza. Ukitoka saa 2 asubuhi, kuanzia Kimara hadi Mlandizi unaweza kumaliza saa tatu unatazama tela la lori lililoandikwa maneno ya Mungu. Malori yote ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yanatoka bandarini na kupita hapohapo. Yale ya Zambia na ya Lubumbashi yanaachana na wewe Msamvu, Morogoro, kwa kushika njia ya Iringa. Baada ya hapo utahisi kama mtu kakufungulia dirisha. Mtu wa Tegeta au Bunju ana ujanja wake, anazunguka Bagamoyo na Msata akatokee Chalinze. Ni ndefu zaidi kwa kilomita, na siku ya foleni ni fupi zaidi kwa saa. Kwako wewe wa Mbagala haifai, utamaliza asubuhi yote ndani ya mji kabla hata ya kuifikia.

Mvua pia iingie kwenye hesabu yako kama safari ni kati ya Januari na Aprili. Januari 2014 mafuriko yaliondoa daraja pale Dumila. Machi 2020 ikawa Kiyegeya, jirani na Gairo. Mara zote mbili barabara ya Morogoro na Dodoma ilikatika, na anayetaka kupita akawa hana njia ya mkato: azunguke Iringa, zaidi ya kilomita 550 badala ya 260, au asubiri. Sikutishi. Nasema tu kwamba mtu mwenye ibada ya saa nane hapangi kufika saa saba.

Habari ya usiku. Kwa miaka mingi, tangu ajali za miaka ya 1990, mabasi yalikatazwa kutembea usiku wa manane, na ndiyo maana ndugu zetu wa Bukoba walikuwa wakilala Kahama kwenye viti. Mwaka 2023 serikali ilifungua, na sasa unaweza kuondoka stendi ya Mbezi Luis, Dar, alfajiri au jioni. Basi la saa 12 asubuhi lisipopata shida linaingia Nyegezi, stendi ya Mwanza, kati ya saa 5 na saa 7 usiku. La jioni linafika siku ya pili mchana. Mengi yana madereva wawili wa kupokezana, na ukikata tiketi uliza hilo kwanza kabla hujauliza kama kuna soda na chaja.

Sasa fanya hesabu ya jirani yako. Kutoka Mbagala hadi Mbezi Luis na mizigo na watoto, mlango unaufunga saa 9 na nusu usiku, kwa sababu konda amesema mripoti saa 11. Basi linaondoka saa 12 na dakika zake. Linafika Nyegezi saa 6 usiku. Mizigo, bajaji au teksi, kumpigia shemeji asiyepokea simu, unagonga mlango saa 7 usiku. Ni saa 21 na nusu. Jirani hakuongeza chumvi. Amepima toka mlango wake hadi mlango wa mwenyeji, na ndivyo binadamu anavyosafiri.

Ndege tuipime kwa kipimo hichohicho. Saa 1 na dakika 10 ya kwenye ule ukurasa ni 850 kugawa kwa mwendo wa ndege ikiwa juu, ambao ni kama kilomita 800 kwa saa, wakaongeza kidogo. Ndege haianzi na mwendo huo. Inatembea polepole hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inasubiri zamu, inapanda, na kule mwisho inapunguza na kuzunguka ziwani ikijipanga kutua. Ndiyo maana tiketi ya ndege ya jeti itakuandikia saa 1 na dakika 20 hadi 30. Ukipangiwa ndege ya pangaboi ni mwendo mwingine. Zile Q400 huchukua kama saa 1 na dakika 40 au 45, na ATR inakaribia saa 2. Si mbaya, wala si hatari zaidi, watu huziogopa bure kwa sababu wanaona pangaboi zinavyozunguka. Angalia tu aina ya ndege kwenye tiketi, na angalia kama inakwenda moja kwa moja. Zipo safari zinazotua kwanza mji mwingine, na hapo saa 1 na nusu inageuka saa 3.

Chukua ndege ya saa 3 asubuhi. Unatoka Mbagala saa 12, Kilwa Road, Mandela, unakunja TAZARA, saa 1 uko uwanjani, jengo la pili, ndiko safari za ndani zinakoondokea. Jengo la tatu ni la safari za nje, na mwenye teksi mgeni atakupeleka huko usipomwambia. Ndege inaruka saa 3, inatua saa 4 na nusu, mabegi yanatoka, na uwanja wa Mwanza uko Ilemela, kama kilomita kumi kutoka mjini. Saa 5 na nusu unakunywa chai kwa wenyeji. Toka mlango hadi mlango ni saa 5 na nusu.

Mtandaoni, ndege inaonekana kulipita gari mara 12. Ukipima toka mlangoni, inalipita basi mara 4. Bado ni mara 4, na kwa magoti ya mama hiyo ni tofauti kubwa kabisa, ila usiamini kwamba utaamka Mbagala ukale kifungua kinywa Mwanza kwa ndege ya saa 3.

Ngoja nikuonye na jambo linalowaliza watu kila siku. Saa. Tiketi ya ndege inaandika saa za kizungu, ya basi mara nyingi inaandika saa zetu. Nilipohamia kwenye ofisi ya tiketi za ndege nilimkatia mzee mmoja safari ya Mwanza. Tiketi iliandikwa 11:00. Kesho yake saa 9 alasiri akatokea ofisini, kavaa suti ya kahawia, sanduku kalifunga kwa kamba ya katani, ananiuliza kama apitie kwangu au aende moja kwa moja, maana ndege yake ni ya saa 11 jioni. Ndege ilikuwa imeondoka saa 5 asubuhi. Kosa lilikuwa langu, sikumtamkia. Nililipa tofauti ya tiketi mpya kutoka mfukoni, na tangu siku hiyo kila tiketi ninayoitoa naandika kwa kalamu pembeni: "saa 5 asubuhi", na nanyoosha mstari chini yake. Wewe pia fanya hivyo kwenye ya mama. Ukiona 06:00 ni saa 12 asubuhi. Ukiona 18:00 ni saa 12 jioni. Na kwa ndege ya 00:30 sitaki hata kuanza, ila jua kwamba tarehe imeshabadilika.

Sasa gari lenu. Mume wako akiendesha peke yake kilomita 1,150 mfululizo, na watoto nyuma, mimi nakataa. Si suala la kujua kuendesha. Baada ya Singida jua linazama mbele ya macho yako, barabara imenyooka kupita Igunga na mbuga za Wembere, hakuna kona ya kukuamsha, na ng'ombe wanarudi nyumbani kwa kukatiza lami. Mkisisitiza gari, mkae siku mbili, na mlale Singida, siyo Dodoma. Watu hulala Dodoma kwa sababu ni mji mkuu na kuna hoteli nyingi, wakiamka wanakuta bado wana kilomita 700. Singida umeshakula karibu 700, zimebaki 455. Mtoke Mbagala saa 10 alfajiri kamili, Morogoro saa 2 asubuhi, Dodoma mle mchana, Singida saa 11 jioni bado kuna mwanga. Mle kuku wa kienyeji, mlale. Siku ya pili saa 1 asubuhi mnaondoka, na mkishapita Mabuki mtaanza kuona mawe yamebebana kama mtu aliyapanga na kuyaacha, basi mjue Mwanza imefika. Saa 8 mchana mko mjini.

Mafuta ni hesabu rahisi. IST ikila lita moja kwa kilomita 13, ni lita 88 au 90 kwenda, mara mbili kwa kurudi, kisha zidisha kwa bei ya EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, ambayo hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ongeza chumba cha Singida mara mbili. Halafu linganisha na nauli za basi, ambazo LATRA huzipanga kwa kilomita na kwa daraja la basi. Hapo ndipo kilomita zina kazi ya kweli, kwenye nauli. Kwa watu watano gari na basi vitakaribiana kuliko unavyofikiri, na basi lina mtu mwingine wa kushika usukani.

Njia ya katikati ni treni. Tangu Julai 2024 SGR inafika Dodoma, kwa chini ya saa 4, na ile ya haraka karibu saa 3 na nusu. Uzuri wake ni kwamba inaruka kile kipande kibaya chote nilichokisimulia, kuanzia Kimara hadi Msamvu, bila tochi wala lori. Ubaya ni kwamba inakuacha Dodoma, na Mwanza bado kilomita 700 kwa basi. Kituo cha treni na stendi ya Nanenane haviko pamoja, kwa hiyo unahitaji teksi na tiketi ya basi iliyokatwa mapema, vinginevyo muda uliouokoa unauacha stendi. Kwa kijana mwenye begi moja ningesema panda bila kufikiri. Kwa mama mwenye magoti, kupanda na kushuka mara mbili na mabegi, hapana. Kipande cha kutoka Isaka hadi Mwanza kinajengwa, siku reli yote ikiungana nitaandika jibu jingine.

Kwa hiyo ningekuwa mimi kwenu, ningefanya hivi. Mama apande ndege Alhamisi asubuhi, na wewe au mtoto mkubwa uende naye. Wakati wa kukata tiketi mwambie mhudumu kwamba abiria anahitaji kiti cha magurudumu, usingoje kusema uwanjani, maana kuna ngazi za kupanda ndegeni na magoti hayasubiri. Asibebe zaidi ya kilo zilizoandikwa kwenye tiketi, vitenge vya harusi ni vizito kuliko vinavyoonekana. Mume na wengine waliobaki wapande basi la Alhamisi alfajiri, wafike usiku wa manane, Ijumaa wapumzike. Gari libaki Mbagala. Kama fedha ya ndege haitoshi hata kwa wawili, wote basi, lakini Jumatano, na mama akae kiti cha mbele upande wa mlango ambapo anaweza kunyoosha mguu, kisha kila basi linaposimama ashuke atembee hata kama hana haja. Mguu ukikaa saa 18 bila kushuka unavimba, harusini atavaa ndala.

Msisafiri Ijumaa. Hata kwa ndege. Safari ya Ijumaa asubuhi ikiahirishwa hadi jioni, bado mtafika. Ya jioni ikiahirishwa, mtaiangalia ibada kwenye simu.

Samaki. Ndiyo, mama abebe, wote wanabeba. Kwa ndege anunue sato au sangara waliogandishwa usiku wa kuamkia safari, wafungwe kwenye boksi la kubebea samaki, wazibwe kwa gundi ya karatasi vizuri, maji yakitiririka boksi litakataliwa mezani. Baada ya safari ya saa 5 na nusu wanafika Mbagala bado wagumu kama tofali. Uzito wao unahesabiwa kwenye mzigo wake, kwa hiyo alete begi nusu tupu. Kwa basi asijaribu wabichi. Anunue waliobanikwa au dagaa, na amwambie konda wasiwekwe chini karibu na injini.